Sumaku ya Nne

Mwanangu Mohannad ana tabia moja aliyoirithi kwa baba yake: akitaka kukwambia jambo zito, husifu chakula kwanza. Jumamosi ile alisifu mchuzi wa papa mara tatu, nami nikajua kuna balaa linakuja. Mchuzi wenyewe ulikuwa umezidi chumvi.

"Mama," akasema huku akinawa, "Ijumaa naleta gari la kuhamishia vyombo. Utakuja kukaa na mimi na Kawthar kule Al Barsha. Khalas."

Khalas hiyo, yaani yamekwisha, ananiambia mimi, Tufaha, niliyemfunza kusema.

Sababu yake ilikuwa Bi Kuruthum, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Wiki mbili nyuma mwizi aliingia nyumbani kwake mchana kweupe kupitia dirisha la jikoni, akaondoka na bangili zake zote za dhahabu, hata zile za bibi yake. Tangu siku hiyo Mohannad akija kwangu hakai. Anatembea tu, anatikisa makomeo na kuguna.

Nyumba yangu ni ya zamani, ya chini, yenye ua, nyuma ya maduka ya Al Muraqqabat. Niliingia humo bibi harusi nikitokea Unguja, kabla majengo marefu hayajaota pande zote. Abdullatif, mume wangu, alinifia humo. Na watu wa kwetu waliofika Dubai wakawa hawana pa kuanzia, wa Unguja, wa Mombasa, wa Kigoma, wengi wao chai yao ya kwanza waliinywa ukumbini kwangu. Walipiga hodi, nikasema karibu. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, ingawa hakuna aliyeniandikia mshahara.

Kule Al Barsha, kwa Mohannad na mkewe Kawthar, nilishakaa wiki moja ya Ramadhani. Nyumba nzuri, sina neno, na duka kubwa liko karibu, lakini kwa siku saba hakuna aliyepiga hodi. Siku ya tano mlango uligongwa nikaukimbilia, kumbe ni mtu wa pizza aliyekosea ghorofa. Ilibaki kidogo nimkaribishe chai.

"Tatizo ni mwizi?" nikamuuliza Mohannad.

"Ndiyo, mama."

"Basi nitatia kengele ya wezi."

"Nitakutafutia kampuni, lakini hata hivyo..."

"Nani aliyetaja kampuni? Nitaifunga mwenyewe."

Akacheka. Mimi nachukia kuchekwa nikiwa sikutania. Nikamwonyesha rafu ya ukumbini, ilipo redio ya mbao ya baba yake. "Nani alilehemu ile?"

Akaacha kucheka, maana anajua. Abdullatif alikuwa fundi wa redio na televisheni, mwenye duka lake dogo barabara ya pili. Miaka yake kumi ya mwisho macho yalimtupa, akawa anazisikiliza redio kwa sikio na kutambua kila moja inaumwa nini, na mimi nikishika chuma cha kulehemu. Wateja walikuwa wakimsifu kwa mkono wake mwepesi. Yeye alikuwa akiitikia, "Mkono huo una hina," nao wakidhani anatania.

"Basi tuwekeane sharti," Mohannad akasema. "Baina ya leo na Ijumaa nitajaribu mara mbili kuitoa redio ya baba humu ndani. Ikifika nje ya geti na king'ora hakijalia, unahamia Al Barsha na sitaki kusikia neno. Kikilia mara zote mbili, sitataja tena kuhama."

Tukapeana mikono. Wake ulikuwa na jasho.

Kesho yake nikaenda Sabkha kwenye duka la vitu vya umeme. Muuzaji, kijana wa Kihindi mwenye kalamu sikioni, aliniuliza fundi wangu yuko wapi. Nikamwambia ndiye anayezungumza naye. Akataka kunieleza kwa upole, kama mtu anavyomweleza ajuza, nikalifungua boksi palepale juu ya meza yake nikamwonyesha kuwa waya mmoja wa king'ora umeungwa ovyo. Akanibadilishia boksi, na akaongeza robota la waya bila ya kuombwa.

Ndani mlikuwa na kisanduku chenye vitufe vya namba, king'ora, jicho la kunasa mtu anayepita, na sumaku nne. Sumaku hizo kila moja ina vipande viwili. Kimoja unakibandika mlangoni, kingine kwenye fremu, na maadamu viko pamoja pana amani. Ni kama mama na mtoto mchanga: watenganishe, usikie kelele zake. Sumaku tatu zinalala na jicho linalala, ukibonyeza namba yako ya siri. Mstari wa nne wa waya haulali hata ukizima vingine vyote, maana umekusudiwa kitufe cha dharura cha kando ya kitanda. Mimi kitandani sihitaji kitufe; mstari huo nikaupa sumaku ya nne.

Karatasi ya maelezo ilikuwa kwa Kichina, Kiingereza, na Kiarabu kilichokuwa kibaya kuliko hivyo viwili. Nikaiweka chini ya birika. Kazi ilinichukua siku moja na nusu. Nilitoboa kuta, nikapitisha waya nyuma ya kabati na chini ya ukingo wa zulia, na mtaka cha mvunguni huinama, kwa hiyo niliinama mpaka mgongo ukaniuliza nina miaka mingapi. Sitini na mmoja, nikaujibu, na bado hatujamaliza. Sumaku ya kwanza nikaiweka mlango wa mbele, ya pili mlango wa jikoni, ya tatu dirisha la chumbani, na ya nne dirisha la jikoni, kwa heshima ya bangili za Bi Kuruthum. Jicho nikalitundika pembe ya ukumbi.

Jumatatu alasiri nikaiwasha yote, nikakaa kwenye kochi nikipepea uso kwa upande wa boksi. Nilijiona fundi kweli. Laiti Abdullatif angekuwepo asikilize.

"Hodi, Bi Tufaha!"

"Karibu!" nikasema, nikainuka nikafungua mlango.

Nilisahau kuzima. Kilio kilichotoka hapo kilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Bi Kuruthum alikuwa amesimama na sahani ya kaimati mkononi, na alipoiachia, kaimati zilisambaa ua mzima, nyingine zikaingia chini ya mtungi wa gesi. Nilipofanikiwa kubonyeza namba, yeye alikuwa amekaa kitako kwenye ngazi, ameshika moyo.

"Mwizi kaniibia mara moja tu," akasema. "Wewe wataka kuniua kabisa. Sitii mguu humu mpaka uling'oe hilo dude lako."

Akaondoka na sahani yake tupu. Sikupendezwa. Kengele inayomfukuza jirani ina faida gani kwangu? Ndiyo Al Barsha hiyohiyo, isipokuwa haina lifti.

Wakati huo Metrine alikuwa ameshaingia mbio, kofia upande, tochi mkononi ingawa jua lilikuwa linawaka. Metrine ni Mkenya wa Kakamega, mlinzi wa hoteli ndogo iliyo mkabala na kwangu, na akitoka kazini hupitia kunywa chai kabla ya kwenda chumba anachokaa na wenzake saba. Nilimweleza yaliyotokea. Alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akazunguka nyumba nzima akikagua kwa makini, kama alivyofundishwa, akivuta kila waya.

"Mama, umefunga poa kuliko wale wa kampuni walikuja hoteli yetu," akasema alipokaa. "Lakini kuna kitu moja. Kwa training tulifunzwa hivi: mwizi hapitii dirisha sana. Anapitia mtu. Anakuja na smile, na file kwa mkono, na ni wewe mwenyewe unamfungulia."

"Mimi si mjinga, Metrine."

"Sijasema mjinga. Nimesema, tangu nikujue hujawahi kuniuliza mimi ni nani kwa huo mlango. Siku ya kwanza nilikuja kuomba tu maji. Nikasema hodi, ukasema karibu. Ungejuaje mimi si mwizi?"

Nilikasirika hata chai ikanishinda. Nilikasirika kwa sababu ni kweli. Mwenzangu akisema hodi, karibu hunitoka yenyewe, haipiti kichwani. Hapa Dubai zaidi, maana mitaa imejaa lugha za watu, na ukisikia ya kwenu mlangoni huulizi kabila wala ukoo, unafungua. Nimelelewa kwa neno moja, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mlango naweza kuubadilisha kitasa. Kinywa hiki cha miaka sitini na mmoja nakibadilisha kitasa gani?

Metrine alipoondoka nilichukua bisibisi. Sumaku ya nne nikaing'oa dirisha la jikoni, na dirisha lenyewe nikalipigilia misumari minne. Moshi wa kukaangia utajua pa kutokea. Sumaku ile nikaihamishia mahali pengine, na mahali penyewe sikumwambia mtu, hata Metrine. Kisha nikamwendea Bi Kuruthum na unga wa ngano na samahani, naye akapokea unga.

Jumanne adhuhuri Mohannad alikuja na ufunguo wake. Miaka miwili sasa anaingia hivyo, simu sikioni, hapigi hodi, kama mtu anayeingia ofisini. Safari hii alijipenyeza kwa mlango wa jikoni, taratibu, viatu mkononi. King'ora kikalia kabla hajaingiza mguu wa pili.

"Ijumaa bado, mama," akasema na kucheka, lakini niliona amestaajabu. Nikampa maji ya kunywa. Aliyatazama makutano ya nyaya juu ya mlango kwa muda mrefu, akaondoka.

Jumatano, kiasi cha saa nne asubuhi, nilikuwa nachambua mchele.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Sauti ya kike, Kiswahili cha bara. Kabla sijajua nafanya nini, kidole changu kilishabonyeza namba, na komeo limeshafunguka.

"Karibu, mwanangu. Karibu ndani."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akasema anaitwa Paskazia, mtu wa Bukoba, hana muda mrefu Dubai, na ameambiwa kuna mama wa Kizanzibari mtaa huu anayesaidia watu kupata chumba cha kuchangia. Alikuwa mwembamba, na mikono yake ilikuwa ikishikana yenyewe kwa yenyewe. Niliona huruma ya kweli. Mtu aliye mbali na kwao akikuamkia shikamoo, unasahau kuwa una mchele kwenye ungo. Nikamkalisha ukumbini, nikaenda jikoni kumpikia chai.

Maji yalipoanza kuchemka nikakumbuka viatu vyake. Vilikuwa vya ngozi, vya kisigino, viatu vya mtu mwenye mshahara. Nikakumbuka pia utepe wa kijani uliochungulia kwenye ukosi wake, wa kuvalia kitambulisho cha kazi. Mohannad anao wa rangi hiyohiyo. Huutupa juu ya meza yangu kila akija.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisimama mbele ya jiko nikaona aibu, aibu hasa, ya kupanda mpaka masikioni. Mwanangu hakuhangaika na dirisha wala komeo. Alijua mlango dhaifu wa nyumba hii ni upi, na akaupitia.

Ningeweza kurudi ukumbini mbio. Sikurudi. Nilitia hiliki na tangawizi, nikakata mkate wa kumimina vipande vinne, vikubwa, nikapanga sinia. Mgeni ni mgeni hata akiwa ametumwa. Tena sumaku ya nne niliifunga mimi, na kitu nikikifunga mimi hufanya kazi.

Nilikuwa namimina kikombe cha pili king'ora kilipolia.

Nikamaliza kumimina, nikabeba sinia, nikatoka. Paskazia alikuwa amesimama katikati ya ukumbi ameikumbatia redio kifuani, machozi yanamtoka, hajui airudishe au akimbie. Jicho lililala, milango ililala, kama nilivyoizima mwenyewe kwa ajili yake. Lakini kipande kimoja cha sumaku nilikigandisha kwa gundi chini ya redio, na kipande cha pili nilikipachika ndani ya rafu, waya wake ukapita kwenye tundu nyuma ya kalenda, kwenye ule mstari usiolala. Siku mbili nilikuwa naipangusa redio vumbi bila ya kuiinua. Mlangoni kwangu ataingia amtakaye Mungu. Nilichokifunga ni kitu kimoja tu nisichotaka kitoke.

Nikaweka sinia, nikabonyeza namba. Kukawa kimya.

"Mama, nisamehe," Paskazia akasema. "Bosi ameniambia ni mchezo wa familia. Mimi sikutaka. Kweli sikutaka."

"Kaa," nikamwambia, nikiipokea redio. "Chai inapoa."

Geti likagongana na ukuta. Mohannad aliingia anakimbia, ufunguo mkononi. Alikuwa amejificha garini kwenye kona. Kutoka juu ya ukuta sauti ya Bi Kuruthum ikauliza, "Wamekuja?" Nikamjibu ni mwanangu tu.

Alitazama redio mapajani mwangu, kisha waya unaoning'inia kutoka rafuni. Akaelewa mara moja, maana na yeye ni mtoto wa fundi.

"Umeshinda," akasema.

"Nimeshinda."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alikaa kwenye mkono wa kochi.

"Lakini umemfungulia, mama. Hukumuuliza hata yeye nani. Angekuwa na kisu?"

"Hakuwa na kisu. Alikuwa na njaa."

"Siku ile ya Bi Kuruthum," akasema, akiuzungusha ufunguo kidoleni. "Siku ile niliposikia mwizi kaingia mtaani, nilikupigia simu mara kumi na moja. Hukupokea. Nikaja kutoka Al Barsha sijui nimepita taa ngapi nyekundu. Nilipokunja kona nikaona gari la polisi mlangoni kwetu. Lilikuwa baina ya mageti mawili, mama, lakini mimi nililiona kwetu. Nilishuka nikijua nakuja kukuokota sakafuni."

Mimi siku ile nilikuwa nyumba ya pili, nimemshika Bi Kuruthum mkono, simu yangu iko juu ya kitanda. Nakumbuka Mohannad alipochungulia. Alisema tu, "Simu yako haina chaji?" akageuka akaenda zake. Nikadhani ana haraka ya kazi. Nikamsema kwa Bi Kuruthum kuwa watoto wa siku hizi hawana hata muda wa kumpa mtu pole.

Iliniuma. Nilikuwa nimejitayarisha kwa vita vya nyumba siku nne nzima, nimetoboa kuta, nimeshinda, na kumbe mtu niliyekuwa napigana naye alikuwa anaogopa kama mtoto. Hakuwa anataka kunihamisha. Alikuwa anataka kulala usingizi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungenicheka."

Kweli, ningemcheka.

Paskazia alikuwa ameshika kikombe, anatazama miguu yake. Nikamsogezea mkate. "Chumba unacho au huna?" nikamuuliza.

"Ninacho, mama. Lakini tuko tisa."

"Basi kuna Mkenya mmoja nitakujulisha naye. Wao wako wanane." Nikamgeukia mwanangu. "Wewe umesema sharti, na mimi nasema langu. Nakaa kwangu. Sihami, si Ijumaa hii wala ijayo. Lakini kuanzia leo, kabla sijasema karibu, nitauliza nani."

Alinitazama kama mtu asiyeamini bei aliyotajiwa. "Utaweza?"

"Nimeweza haya," nikamwonyesha nyaya. "Na wewe ufunguo wako utautia mfukoni. Humu utapiga hodi kama watu."

Akampeleka Paskazia garini, maana kazini wanamsubiri. Nikamfungia mkate uliobaki kwenye karatasi. Nilifunga mlango, nikairudisha redio rafuni, nikahakikisha vipande viwili vya sumaku vimekutana, kisha nikawasha kila kitu. Nikaurudia mchele wangu.

Haukupita muda nikasikia hatua uani. Zilisimama mbele ya mlango, zikakaa hapo kimya, kama mtu anayetafuta neno alilolisahau.

"Hodi," sauti ikasema.

Neno lilikuwa limeshafika menoni. Nikalizuia. Wallahi, kutoboa ukuta kulikuwa rahisi zaidi. Niliona kama namtendea mtu ubaya, kumwacha nje na jua lile, sauti ninayoijua kabla haijaota ndevu.

"Nani?" nikauliza.

"Mohannad."

"Mohannad wa nani?"

Kisha nikamsikia anacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akakohoa kukificha.

"Wa Abdullatif," akasema. "Na wako, mama."

Nikabonyeza namba, moja moja, bila ya kukosea. "Karibu," nikasema.